Msingi Hauchezewi

Nchi tunayoisimulia haimo kwenye ramani yoyote, na wenyewe wanasema kosa ni la wachora ramani. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo mrefu, ina mawaziri wengi kuliko wizara, na ina mawe ya msingi kila kona, yaliyowekwa na viongozi mbalimbali kwa ngoma na vipaza sauti. Mgeni akiuliza jiwe lile ni la nini, mwenyeji humjibu kwa heshima zote kwamba lile ni la hospitali, lile la maktaba, na lile walipolala mbuzi ni la uwanja wa ndege. Majengo yenyewe yatafuata.

Siku moja Mtukufu Mkuu wa Nchi aliumwa jino, akasafirishwa nje kutibiwa, kwa kuwa nchini mwake hospitali ya meno ilikuwa bado ni jiwe. Huko akaambiwa angoje zamu yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aapishwe, na kwa kukosa la kufanya akaokota jarida mezani. Humo akakuta picha za watoto waliojipaka udongo mpaka masikioni, wanacheka. Maelezo yalisema kwamba mtoto anayepata chekechea nzuri kabla ya kuanza shule, akacheza, akaimba, akauliza na kujibiwa, hukua akili na lugha pamoja na utu. Hujifunza kungoja zamu, kugawana na wenzake, na kusema anachotaka badala ya kupiga. Mtukufu aliisoma habari ile mara mbili. Tunaambiwa machozi yalimlengalenga, ingawa wapo wanaosema ni lile jino.

Aliporudi aliwahutubia wananchi palepale aliposhuka, shavu lingali limevimba. Aliwaambia kuwa miaka ya kwanza ya mtoto ndiyo msingi, kwamba chekechea ndiyo msingi wenyewe, na kwamba kuanzia siku ile hakuna mtoto wa nchi hiyo atakayekua bila msingi. Watu walipiga vigelegele. Hotuba ilikuwa nzuri na, ajabu zaidi, yote ilikuwa kweli. Hapo ndipo mawaziri walipopata taabu, maana hawakuwa na uzoefu wa kutekeleza jambo la kweli.

Baraza likakutana kuamua kazi hiyo ni ya nani. Waziri wa Elimu alisema yeye anaanzia shule ya msingi kwenda juu. Kilicho chini ya msingi hakijui na hataki kukijua. Waziri wa Afya aliuliza kama watoto hao wanaumwa, akaambiwa hapana, akarudia karanga zake. Ndipo Katibu wa Baraza, mtu makini aliyejijengea jina kwa kusoma neno mojamoja, alipokumbusha kuwa Mtukufu hakusema elimu wala hakusema afya. Alisema msingi, tena alirudia. Na misingi yote ya Jamhuri, kwa mujibu wa sheria, iko chini ya Wizara ya Ujenzi. Hakuna aliyepinga, kwa sababu chai ilikuwa imeshaletwa.

*

Katika Wizara ya Ujenzi alikuwamo mhandisi mmoja wa misingi aitwaye Shomvi Lukindo, mtu mrefu, mpole, mwenye tabia ya kugonga kuta za watu kwa kidole kila aingiapo ugenini. Kazi yake ilikuwa kusimamia zege linalomwagwa chini ya mawe ya msingi, ili jiwe lisije likazama kabla kiongozi hajaondoka. Aliifanya vizuri. Lakini ukitaka kumjua Lukindo usingemtazama kazini, ungemtazama akirudi nyumbani.

Yeye na mkewe Sikudhani walikuwa na binti mmoja, Mboni. Mpaka anapita miaka mitatu Mboni alikuwa hajasema neno. Alisikia vizuri, alicheka, alilia, alivuta watu nguo na kuonyesha kwa kidole, lakini neno halikutoka. Daktari alisema wangoje. Majirani walisema mengi, kila mmoja na lake, na mama yake Lukindo alikuja kutoka mbali kusema tu kwamba upande wao hakujawahi kuwa na bubu. Sikudhani alichoka kungoja na kusikiliza. Akamshika mtoto mkono, akampeleka kwa Bi Havijawa.

Bi Havijawa alikuwa na chekechea uani kwake. Mtu akichungulia hakuona kinachofundishwa pale. Aliona mchanga, mabeseni ya maji, vifuniko vya soda, vitambaa, makopo, na kelele za kumfanya aondoke. Mwenyewe alikaa mkekani, na mtoto yeyote akimjia na sauti yoyote, hata ikiwa ni "gu" tupu, alimjibu kana kwamba ameletewa habari ya maana, akamwuliza halafu ikawaje. Mboni alikwenda na "gu" yake, akaulizwa ikawaje. Kesho yake akaenda nayo tena. Ikawa hivyo kwa muda, mpaka asubuhi moja, akimimina maji kutoka kopo kwenda kopo, akasema, "Yamejaa." Bi Havijawa hakushangilia. Alimwuliza yatakayobaki atayaweka wapi.

Tangu hapo hapakuwa na kunyamaza. Jioni Lukindo akirudi alikaa kizingitini hata viatu hajavua, na Mboni akasimama mbele yake kumtolea yaliyomsumbua siku nzima. Kuku ana magoti? Kivuli kinakula nini? Mbona wewe una masharubu na mama hana? Lukindo alijibu alichoweza na kubuni asichoweza. Alikuwa na furaha, na hatuoni sababu ya kulizungusha: hakuwahi kufurahi namna ile, si siku ya ndoa, si siku ya kuhitimu. Kazini, akiwa amesimama juu ya zege la mheshimiwa fulani, alikuwa akijiuliza leo ataulizwa nini.

*

Waziri wa Ujenzi, Mheshimiwa Nkungu, alimwita mara tu baada ya kikao cha Baraza. Mezani kwake palikuwa na hotuba ya Mtukufu iliyopigiwa mstari chini ya kila neno, maana hakutaka aonekane amebagua. Alimweleza Lukindo kwamba taifa limeikabidhi wizara misingi ya aina mpya, na kwa kuwa yeye ndiye mtaalamu, ataje kwa kifupi mambo ambayo msingi wowote hauwezi kuyakosa.

Lukindo aliulizwa habari za msingi, akajibu habari za msingi. Alisema lazima ulale sawa, usipishane hata kidogo. Lazima umwagiwe maji asubuhi na jioni usije ukapata nyufa. Uepushwe na mitetemo. Na zaidi ya yote, mpaka utakapokauka, asiruhusiwe mtu kuuchezea.

Waziri alilirudia lile la mwisho polepole, kama mtu anayeonja mchuzi, kisha akamwita karani aje aliandike.

"Msingi hauchezewi," akasema. "Hilo ni jambo kubwa, Mhandisi. Hilo peke yake linatosha sera nzima."

"Mheshimiwa, mimi nilikuwa naongelea zege."

"Na mimi naongelea taifa. Tusirudishane nyuma."

Hivyo ndivyo sera ilivyopatikana. Mtukufu alikuwa amesoma kwamba mtoto mdogo anahitaji mchezo kuliko kitu kingine chochote, na kabla juma halijaisha mchezo ukawa umepigwa marufuku katika chekechea zote ili kumtekelezea. Lukindo akapandishwa cheo, akawa Mkaguzi Mkuu wa Misingi Hai. Alipewa gari, dereva, na kiti kinachozunguka. Alikizungusha mara moja mlango ukiwa umefungwa, akaona haya, akaacha.

Nyumbani Sikudhani alimwuliza kwa nini hakukataa. Lukindo alimweleza kwa utaratibu kwamba angekataa angewekwa mwingine asiye na mtoto wala huruma. Heri yeye, atalegeza hapa na pale. Sikudhani alikuwa akichambua mchele. Alimwambia bila kuinua macho kwamba kila anayeshika kisu katika nchi hii husema heri kikae mkononi mwake.

*

Waraka wa wizara ulikuwa mwepesi kusoma. Watoto wote wa chekechea waketi kwa mistari, vichwa vilale sawa. Mkaguzi atapitisha pimamaji juu ya vichwa hivyo na povu lisimame katikati. Kwa kuwa watoto hawalingani, wafupi waliwekewa matofali ya kukalia na warefu wakachimbiwa mashimo. Asubuhi na jioni wamwagiwe maji ya kiasi. Mchanga na maji vilivyokutwa nyuani vilikamatwa, kwa kuwa ni vifaa vya ujenzi vilivyokuwa vikitumiwa na watu wasio na leseni, tena wengine hawajamaliza kuota meno. Nyimbo zilisimamishwa kwa ajili ya mtetemo, na makofi hivyohivyo. Walimu waliitwa mafundi na kugawiwa kofia ngumu.

Kuhusu maswali waraka ulikuwa mkali. Swali la mtoto ni ufa. Fundi akilisikia alitakiwa kutoa taarifa: limetokea wapi, lina urefu gani, na kama linaendelea.

Lukindo alikwenda mwenyewe kwa Bi Havijawa, kwa miguu, gari akiliacha mbali. Alimkuta kavaa kofia ngumu juu ya mtandio, imemfunika nyusi. Watoto walikuwa wameketi mistari minne, wamelowa vichwa, na ua ulikuwa kimya hivi kwamba alisikia kuku wa jirani akiparua.

"Mhandisi," Bi Havijawa akasema, "mtoto akinyamaza hivi, sisi huwa tunamshika paji la uso kuona kama ana homa."

"Najua, Bi Havijawa."

"Basi kama unajua, mimi nikueleze nini?"

Lukindo hakuwa na la kuelezwa, alikuwa na mpango. Siku za ukaguzi watoto watakaa kama waraka unavyotaka; siku nyingine mwalimu awaachie wacheze nyuma ya jiko, polepole, na yeye Mkaguzi Mkuu hataona. Bi Havijawa alifikiri. Angeweza kufunga, lakini akifunga watoto watabaki wamefungiwa ndani peke yao, mama zao wako sokoni. Akakubali. Alitaka tu kujua watoto wakiuliza kwa nini wanakaa hivyo awajibu nini.

"Waambie ni mchezo. Wanacheza kuwa msingi."

"Mchezo umepigwa marufuku, Mhandisi."

"Ndiyo maana usimwambie mtu mwingine."

Kwa muda mambo yalikwenda. Mboni alirudi nyumbani na hadithi za kucheza msingi, jinsi mwenzao mmoja alivyopiga chafya ikabidi waanze upya, na Lukindo akalala usingizi mzuri. Alijiona mtu mwerevu sana. Wapo wengi wa namna hiyo wizarani, na wote hulala vizuri.

*

Kilichomharibia mpango ni heshima. Mtukufu alitangaza kuwa atatembelea chekechea moja kuona matunda ya hotuba yake, na Waziri, kwa kumpenda Lukindo, akachagua chekechea ambamo Mkaguzi Mkuu amempeleka mwanawe. Ilionekana ni mfano bora. Wakaguzi wasaidizi wakahamia uani kwa Bi Havijawa na pimamaji zao, hawakuondoka. Siku ya ukaguzi ikawa kila siku. Nyuma ya jiko paliwekwa mlinzi wa kulinda mahali palipokuwa na mchanga.

Mwanzoni Mboni aliyahifadhi maswali yake mpaka nyumbani, akamwuliza baba yake kwa kunong'ona, akitazama mlango. Lukindo alimwambia aongeze sauti, hakuna mtu. Mboni akaongeza kidogo, kisha akarudi palepale. Baadaye akawa anaanza, "Baba, mbona," halafu anajiziba mdomo kwa kiganja na kungoja, kama kuna kitu kitatokea. Jioni moja Lukindo alikaa kizingitini na mtoto akaja, akaketi kando yake, mikono magotini, macho mbele. Walikaa hivyo mpaka chakula kikaiva.

Sikudhani alimzuia mtoto asiende tena. Asubuhi ya pili yake watu wa wizara walifika, wakapaka mlangoni ile X nyekundu inayopakwa nyumba zinazongoja kubomolewa, wakaeleza kwa upole kwamba mtoto asiye na msingi ni sawa na jengo lisilo na kibali. Walikuwa vijana wenye adabu, waliomba radhi kwa rangi iliyomwagika barazani. Mboni akarudishwa.

Siku ile Sikudhani hakugombana. Alisema maneno machache tu. "Nilimpeleka akiwa na 'gu'. Sasa hata hiyo 'gu' sina. Nenda kawaambie ulikosea."

Lukindo akaenda kuwaambia. Alimkuta Waziri akifurahi, kwa sababu taarifa ya nchi nzima ilikuwa imefika na nyufa zilikuwa zimepungua mno. Mikoa mingine haikuwa na hata moja. Lukindo alisimama mbele ya meza, akasema kwamba mtoto si zege, kwamba alipoulizwa siku ile alijibu jambo jingine, na kwamba lile jarida la Mtukufu, kama lipo, lisomwe tena. Alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno hayo garini, na yalitoka vizuri. Waziri alimsikiliza yote, akamwonyesha kiti, akamwagizia chai.

"Jarida ninalo, nimelisoma kuliko wewe," akasema. "Linasema kinachoingia kwa mtoto umri huo hakitoki tena maisha yake yote. Ndiyo maana tuna haraka. Au wewe, Mhandisi, ulitaka kiingie nini? Maswali? Halafu wakishakua, atakayewajibu ni nani?"

Lukindo alikunywa chai. Akagundua kwamba alikuwa amekuja kumweleza mtu kosa ambalo kwa mtu huyo halikuwa kosa.

*

Mtukufu alifika na msafara, na nchi ile inajua kupokea. Barabara ilimwagiwa lami hadi mlangoni kwa Bi Havijawa na kuishia hapo. Kwaya ya Wizara ya Ujenzi iliimba nje, mbali kidogo kwa ajili ya mtetemo. Ndani watoto walikuwa wamewekwa sawa tangu alfajiri, wamemwagiwa maji, wamekaushwa kwa taulo, wamemwagiwa tena.

Tuseme haki: Mtukufu alipenda watoto. Alikuja na mfuko wa peremende alioubeba kwa mkono wake mwenyewe, na alipoingia uani uso wake ulikuwa wa mtu anayetarajia kuchafuliwa nguo. Akasimama. Akaitazama mistari ile. Akachuchumaa mbele ya Mboni, aliyekuwa mstari wa kwanza katikati, akamwuliza jina lake. Mboni alitazama mbele. Akamwuliza anapenda mchezo gani. Mboni alitazama mbele. Akamnyooshea peremende, ikakaa hewani mpaka mkono wake ulipochoka.

Mtukufu aliinuka, akasema kwa sauti ndogo, karibu ya kulalamika, kwamba wale wa kwenye jarida walikuwa wachafu. Waziri alikuwa akitazama lami. Ndipo Mtukufu akamgeukia Lukindo.

"Mhandisi, wewe ndiye mtaalamu, na nasikia huyu ni mwanao. Niambie kweli. Hawa watoto wamepata nini hapa?"

Hatujui nchi nyingine ambamo mtu mmoja alipewa nafasi kubwa kiasi hicho. Mwenye kuuliza alikuwa ndiye mwenye kuamua, na alikuwa akitaka kujua. Lukindo alikuwa na jibu. Lingetosha neno moja, "hakuna," na tunaamini kabisa kwamba mchanga ungerudi jioni ileile kwa malori. Bi Havijawa aliinua kofia yake kidogo ili amwone. Lukindo alimtazama mwanawe, akamtazama Waziri, akayatazama magari yote yale na watu wote wale waliovaa vizuri, akahisi jibu likimpanda mpaka kooni, na likiwa hapo likageuka.

"Utulivu, Mtukufu," akasema.

Uso wa Mtukufu ukalegea kwa nafuu. Makofi yakapigwa, mtetemo ukasahauliwa. Mtukufu aliwaambia waliohudhuria kwamba naye alipokuwa mdogo aliambiwa akae kimya, na tazameni alipofika. Akaagiza utaratibu huo uendelezwe hadi kwa watoto wanaonyonya. Kisha akamvisha Mboni nishani ya Msingi Bora wa Taifa, iliyokuwa nzito kidogo, lakini kichwa cha mtoto hakikuinama.

Msomaji atasema yeye angejibu vingine. Wasomaji ni watu jasiri sana. Lukindo alirudi nyumbani na gari la wizara, mwanawe kando yake, na njia nzima watu waliwapungia mkono.

*

Sikudhani alikuwa ameshasikia yote redioni. Alimvua mtoto ile nishani, akaiweka juu ya kabati kifudifudi, akaingia chumbani na kufunga mlango. Jua lilikuwa bado juu kidogo. Mtoto alikuwa na vumbi la magari mpaka kwenye kope, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumwogesha, Lukindo alitoa beseni uani, akavua koti, akakunja mikono ya shati.

Kuoga kwa Mboni lilikuwa jambo la fujo siku zote. Alikuwa akipiga maji kwa viganja mpaka ukuta unalowa, anamwagia mtu usoni, anakimbia na sabuni. Lukindo aliketi kwenye kigoda, akajiweka tayari kulowa. Alitaka kulowa. Kama angemwagiwa beseni zima kichwani na shati lile la sherehe angeshukuru.

Akachota kata ya kwanza, akammwagia mgongoni. Mboni alifumba macho, akanyoosha shingo, akaweka mikono magotini. Maji yakamtiririka, asisogee. Lukindo alimtekenya ubavuni. Akaimba kidogo, kwa sauti mbaya aliyokuwa nayo, wimbo mmoja wa kwa Bi Havijawa. Akachukua kiganja cha mtoto akakipiga juu ya maji, maji yakaruka, yakamwingia yeye mwenyewe machoni. Alipokiachia, kiganja kikarudi gotini.

"Baba."

Furaha ilimpanda Lukindo kabla hajajua anaitiwa nini. Ilikuwa sauti ileile, nyembamba, na hakuwa ameisikia kwa muda mrefu. Akapiga magoti pale kwenye tope. Akamwambia naam, mama, uliza, uliza chochote unachotaka.

"Nimekauka?"

Lukindo alimtazama. Mtoto alikuwa bado amefumba macho, maji yanamdondoka kidevuni, na alikuwa akiuliza kweli, kama alivyokuwa akiuliza habari za magoti ya kuku. Lukindo akamwambia amekauka. Akamwambia amekauka kabisa, yamekwisha, anaweza kusimama sasa, anaweza kurusha maji, anaweza kuilowesha nyumba nzima akipenda, na hapo akashindwa kuendelea kwa sababu alikuwa akilia.

Mboni alimngoja mpaka amalize. Kisha akamwomba amwongeze maji kidogo, asije akapata ufa.

Lukindo akachota, akammwagia.